Kabla ya Kuhama Windows 10, Hesabu Kebo

Mwisho wa mwezi, saa kumi na moja jioni, duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Mafundi na madereva wa kirikuu wamejaa kaunta. Keshia yuko katikati ya ankara ya mabati pale skrini nzima inapofunikwa na tangazo: Windows 10 imefika mwisho wa huduma. Anabonyeza kitufe cha kukumbushwa baadaye. Ankara inarudi, printa ya utepe inakwaruza karatasi zake tatu, mzigo unatoka.

Keshia hajakosea.

Kinachonisumbua kwa wiki kadhaa sasa ni kwamba tangazo lile lilimfikia mtu asiye na uwezo wa kuamua chochote. Mwenye duka anaendesha mambo yake kwa simu, hajawahi kuliona. Mhasibu ameliona, ila anaamini fundi analijua. Fundi huja akiitwa, na huitwa kitu kikiharibika. Kompyuta haijaharibika. Ndivyo tarehe 14 Oktoba 2025, siku ya mwisho wa huduma, ilivyopita kwenye ofisi nyingi bila mtu kuamua kuhama wala kuamua kubaki.

Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya ofisi ndogo: kompyuta tano, kumi, labda ishirini, hakuna idara ya IT, kuna fundi mmoja anayeaminika.

## Inawaka, na hapo ndipo tatizo lilipo

Windows 10 haikuzimwa. Inaprinti, inafungua Excel, inaingia benki. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama ya bure yaliyokuwa yakija kila Jumanne ya pili ya mwezi. Windows 11 bado inayapata, na mifumo hii miwili ina sehemu nyingi za ndani zinazofanana. Kila Microsoft inapoziba tundu kwenye Windows 11, anayetafuta matundu anaonyeshwa pa kuchungulia kwenye Windows 10, ambako halitazibwa.

Wanaoikumbuka Mei 2017 hawahitaji maelezo marefu. Marekebisho ya Windows yaliyoitwa MS17-010 yalitoka 14 Machi 2017. WannaCry, programu haribifu inayofunga mafaili na kudai fidia, ilianza kusambaa Ijumaa ya 12 Mei, miezi miwili haijatimia, ikafunga mafaili ya hospitali za Uingereza na ya makampuni katika nchi nyingi. Sehemu kubwa ya mashine zilizopatwa zilikuwa za Windows 7, mfumo uliokuwa bado unahudumiwa. Dawa ilikuwepo, haikuwa imewekwa. WannaCry ilipitia SMB toleo la kwanza, njia ya zamani ya kushirikiana mafaili ndani ya mtandao wa ofisi, ikatoka mashine moja hadi nyingine bila mtu kubonyeza kitu.

Kwa hiyo hoja kwamba kompyuta ya kaunta haina siri yoyote haisimami. Siri haina, ila folda ya mhasibu iko wazi kwake.

Na Office 2016 na 2019 zilifika mwisho siku moja na Windows 10. Mpango unaotaja Windows peke yake umeacha nusu ya kazi nje.

## Orodha ya kazi kwanza, ya kompyuta baadaye

Kawaida fundi anaanza kwa kupita na PC Health Check, programu ya Microsoft inayosema mashine inafaa Windows 11 au haifai. Anarudi na karatasi: saba zinafaa, tano hazifai. Mwenye duka anauliza bei ya tano, anashtuka, na mpango unaishia hapo.

Naona mwendo huo umeanzia mwisho. Kompyuta ndicho kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha ofisini, inauzwa kila mtaa. Kinachokwamisha ni kile kilichochomekwa nyuma yake, pamoja na programu ambayo aliyeitengeneza hapatikani tena kwa simu.

Shika daftari, pita meza kwa meza, siku yenye kazi nyingi, kwa sababu siku tulivu inaficha mambo. Kila meza iandikie: kazi inayofanyika hapo, programu na toleo lake kamili, kifaa kilichochomekwa na aina ya kebo, data inakaa folda gani na kwenye mashine ya nani, nani anajua nenosiri la msimamizi, na siku zipi kazi hiyo haiwezi kusimama hata saa moja.

Safu ya nenosiri ndiyo inayochukua muda mrefu kujaza. Mara nyingi anayelijua aliacha kazi, au ni fundi aliyetangulia. Lipatikane sasa, kabla hujagusa kitu.

Daftari likijaa, utaona kwamba mashine mbili zilizo sawa kabisa kwa nje zina uzito tofauti. Moja ikilala siku nzima, mtu anahamia meza ya jirani. Nyingine ikilala saa moja, duka haliuzi. Mpango wote unajengwa juu ya hiyo ya pili.

## Printa, kebo na mizani

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fungua Settings, kisha System, kisha About, usome mstari wa aina ya mfumo. Baadhi ya mashine za zamani zina Windows 10 ya biti 32, hata kama prosesa yake inaweza biti 64. Windows 11 haina toleo la biti 32. Mashine hiyo haiwezi kupandishwa ikabaki na mafaili na programu zake. Inafutwa na kuwekwa upya. Jambo zito zaidi ni kwamba programu za enzi ya DOS, zile za skrini nyeusi zilizoandikwa kwa FoxPro ya DOS au Clipper, huendeshwa na Windows ya biti 32 tu. Ukihamia biti 64 hazifunguki kabisa, na hakuna mpangilio wa kubadilisha utakaoziamsha. Ofisi yenye programu ya namna hiyo ina mradi wa kuhamisha data mbele yake, na huo ndio uanze kwanza.

Printa ya utepe. Wanaotoa ankara za nakala tatu bado wanaihitaji, na Epson LQ-310 au LX-310 zina tundu la USB, kwa hiyo zenyewe hazina shida. Shida ni programu iliyozoea kutuma herufi moja kwa moja kwenye LPT1, tundu pana ambalo kompyuta mpya hazina. Njia inayofanya kazi: weka printa kwa USB, ishirikishe kwenye mtandao hata kama ni kwa mashine ile ile, kisha elekeza LPT1 kwake kwa amri hii, ukibadilisha majina yawe yako:

`net use LPT1: \\KAUNTA1\EPSON /persistent:yes`

Kisha chapa ankara ndefu yenye kurasa mbili. Ya ukurasa mmoja haionyeshi kama urefu wa karatasi umehama.

Mizani, visomaji na baadhi ya mashine za risiti huunganishwa kwa kebo ya siriali inayogeuzwa kuwa USB. Kebo za bei nafuu nyingi zina chipu ya PL2303, na matoleo ya zamani ya chipu hiyo, kama HXA, yameachwa na mtengenezaji wake. Ukichomeka kwenye Windows 11, Device Manager inaonyesha alama ya njano na maneno kwamba chipu hiyo ilisitishwa tangu 2012. Fundi asiyejua atahangaika na draiva mchana kutwa. Nunua kebo yenye chipu ya FTDI, umalize. Baada ya hapo angalia namba ya COM: programu inatafuta COM1, kebo mpya imejiita COM5. Inabadilishwa ndani ya Device Manager, kwenye sifa za tundu, sehemu ya Advanced.

Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, au kifaa cha kusaini ankara kilichounganishwa na kompyuta kina programu yake. Kwa Tanzania, mwandikie msambazaji aliyeidhinishwa na TRA, umwulize kama programu hiyo inafanya kazi kwenye Windows 11 ya biti 64, na jibu lije kwa maandishi. Kwa Kenya swali ni hilo hilo kuhusu kifaa au programu inayounganisha mauzo na eTIMS, mfumo wa ankara za kodi. Mauzo yanahitaji risiti ya kodi, kwa hiyo jibu hili likichelewa, mpango mzima unalisubiri.

Halafu kuna folda ya pamoja.

Ofisi nyingi zina folda moja iliyo wazi kwa wote, haina nenosiri, iko kwenye mashine ya mhasibu au kwenye kisanduku cha diski cha mtandao. Kuanzia toleo la 24H2, la mwaka 2024, Windows 11 Pro inakataa kuingia folda kama mgeni asiye na nenosiri, na inadai mawasiliano ya SMB yatiwe saini. Kisanduku cha zamani kisichoweza hayo kinatoweka machoni pa mashine mpya siku ya kwanza. Fotokopi inayotuma skani kwenye folda inaweza kukwama kwa sababu hiyo ya pili, au kwa sababu inajua SMB toleo la kwanza tu, ambalo Windows hailiwashi tena yenyewe.

Ushauri utakaosikia mtaani ni kuliwasha. Usiliwashe. Ule ndio mlango uliopitiwa 2017, na unahama ili kuufunga. Tengeneza akaunti yenye nenosiri kwa ajili ya folda hiyo, sasisha programu ya ndani ya kisanduku au fotokopi, na kama haisasishwi, skani ziende kwa barua pepe au kwenye flashi.

## Programu ya hesabu haijali rangi ya skrini

Tally, QuickBooks, au programu ya mauzo iliyotengenezwa na kijana wa hapa hapa mjini: zote zina maswali yale yale. Toleo gani? Leseni imefungwa kwenye mashine hii au kwenye akaunti? Data iko wapi hasa?

Leseni ya Tally irudishwe kutoka mashine ya zamani kabla ya kuiwasha kwenye mpya. Ukifuta diski kwanza, unaanza kuomba msaada huku keshia amesimama. Programu zinazolindwa kwa kifunguo cha USB zinahitaji draiva mpya ya kifunguo. Draiva za zamani zinaweza kuzuiwa na ulinzi wa Memory integrity wa Windows 11.

Programu nyingi za mauzo zinahifadhi data kwenye SQL Server Express, na hapa kuna mtego ambao umewapotezea mafundi siku nzima. Baadhi ya diski za SSD za aina ya NVMe, kwenye Windows 11, zinatangaza ukubwa wa sekta unaozidi kilobaiti 4, na SQL Server inakataa kuwaka au kusakinishwa. Ujumbe wake hautaji diski kwa lugha ya kueleweka, kwa hiyo watu husakinisha upya mara tatu. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `fsutil fsinfo sectorinfo C:`, tazama mistari miwili ya PhysicalBytesPerSectorForAtomicity na PhysicalBytesPerSectorForPerformance. Ikizidi 4096, tiba imeandikwa na Microsoft: thamani ya `ForcedPhysicalSectorSizeInBytes` ndani ya rejista ya Windows (Registry), sehemu ya stornvme, iwe `* 4095`, kisha uwashe upya.

Tarehe nazo. Windows iliyowekwa upya mara nyingi huja na mpangilio wa Marekani, mwezi kabla ya siku. Programu inapokea 03/04 kimya kimya na ankara ya Aprili inaingia Machi. Hakuna kengele inayolia. Utaiona siku ya ritani ya VAT. Weka Regional format iwe ya Tanzania au Kenya kabla ya kufungua programu ya hesabu mara ya kwanza.

## Soma namba ya prosesa, acha jina la kompyuta

Sasa ndiyo tufike kwenye kompyuta zenyewe.

Windows 11 inadai TPM 2.0 (kitunza funguo za siri za mashine), UEFI (programu ya kuwashia mashine, mrithi wa BIOS) yenye uwezo wa Secure Boot, RAM ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo inaanza kizazi cha 8, ukiacha chache za kizazi cha 7. Kwa AMD, kwa sehemu kubwa, ni Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu. Gigabaiti 4 za RAM ni za kuwasha tu. Mtu wa kazi apewe 8, na diski iwe SSD.

Kwenye soko la mtumba, iwe Kariakoo au Nairobi, watu hununua kwa jina: EliteBook 840 G5, ThinkPad T480, Latitude 5490. Majina hayo yanajulikana kuwa ya kizazi cha 8, na mara nyingi ni kweli. Lakini aina hizo ziliuzwa pia na prosesa za kizazi cha 7 ndani ya ganda lile lile. i5-8250U ni kizazi cha 8, inafaa. i5-7300U ni cha 7, haifai, hata kama muuzaji anakuonyesha kibandiko cha G5. Tarakimu inayofuata baada ya kistari ndiyo kizazi; ikiwa tarakimu hiyo ni 1, kama i5-10210U, soma zile mbili za mwanzo. Iwashe mbele yako, soma namba ndani ya About, ndipo ulipe.

Mashine nyingine zinakataliwa bure. Prosesa inafaa, ila TPM imezimwa kwenye BIOS, ambako kwa Intel inaitwa PTT na kwa AMD fTPM. Andika `tpm.msc` uone kama toleo la 2.0 lipo. Kisha `msinfo32`: mstari wa BIOS Mode ukisema Legacy, diski iligawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR. Haihitaji kufutwa. Baada ya kuchukua bakapu, kama msimamizi:

`mbr2gpt /validate /allowFullOS`

Ikikubali, rudia ukiweka `/convert` mahali pa `/validate`. Ikikataa, sababu ya kawaida ni diski yenye sehemu kuu zaidi ya tatu, au sehemu ya ziada ambayo muuzaji aliigawa kuwa D na E. Ukishageuza ndipo uingie BIOS, ubadilishe Legacy kuwa UEFI, na uwashe Secure Boot. Ukianza na BIOS, mashine haitawaka na ofisi itadhani umeua diski. Haijafa, irudishe Legacy, ufuate mpangilio.

## Zilizobaki

Hapa ndipo roho inasita, na nadhani inasita kwa haki. Kompyuta ya kizazi cha 6 yenye RAM ya 8 na SSD inafanya kazi ya ofisi bila kuchoka. Kuiondoa kwa sababu ya orodha iliyotungwa Redmond, makao makuu ya Microsoft, kunauma, hasa pale dola inaponunuliwa kwa shilingi.

Microsoft inauza nyongeza ya muda wa marekebisho ya usalama, iitwayo ESU. Kwa biashara bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza unaoishia 13 Oktoba 2026, dola 122 mwaka wa pili, dola 244 wa tatu. Jumla 427. Anayeingia mwaka wa pili analipia na wa kwanza. Kwa mashine tano miaka mitatu ni dola 2,135, na mwishoni bado una mashine za kizazi cha 6. Ile ya dola 30 imekusudiwa watu binafsi. Mashine iliyounganishwa na domain, yaani mtandao wa ofisi unaosimamiwa kutoka sehemu moja, au usimamizi wa kampuni haipokelewi.

Nilipoipiga hesabu hii ndipo shaka yangu iliisha. ESU ya mwaka mmoja ina maana kwa mashine inayotajwa kwa jina, yenye sababu iliyoandikwa: tunasubiri programu ya EFD, tunasubiri data ihamishwe kutoka FoxPro. Mashine isiyo na sababu iliyoandikwa isilipiwe.

Kukwepa masharti kupo pia. Programu ya Rufus inatengeneza flashi inayoruka ukaguzi wa TPM na prosesa, na fundi yeyote ameshaitumia. Nyumbani ni uamuzi wa mtu. Kwenye biashara sikubaliani nao: Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, toleo jipya la kila mwaka huwekwa kwa mkono na kwa hila ile ile tena, na mwaka fundi akiwa safarini mashine inabaki nyuma kama ilivyobaki Windows 10. Kwa prosesa kuukuu kabisa, zisizo na maagizo ya SSE4.2, toleo la 24H2 haliwaki hata ukikwepa.

Kuna meza ambazo daftari litaonyesha zinatumia kivinjari tu: barua pepe, mfumo wa benki, WhatsApp ya wateja, fomu za serikali. Hizo ziwekewe Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure inayochukua nafasi ya Windows. Kompyuta ya kizazi cha 6 itaendelea miaka, masasisho yanakuja bure, na mtumiaji anajifunza siku mbili. Jaribu kwanza printa yake na fomu anazojaza kila wiki. Meza ya Tally au QuickBooks usiipeleke huko.

Na ile moja inayoendesha mizani stoo, isiyohitaji intaneti? Chomoa kebo ya mtandao, zima Wi-Fi, taarifa zitoke kwa karatasi. Ibaki hivyo hadi mizani ife.

## Bakapu ambayo imeshafunguliwa

Bakapu ambayo haijawahi kufunguliwa kwenye mashine nyingine usiihesabu. Nakili data ya hesabu kwenye diski ya nje, ichomeke kwenye kompyuta tofauti, fungua kampuni, chapa ripoti ya mizania, linganisha jumla na ile ya mashine ya kazi. Zikilingana, una bakapu.

Vinavyosahaulika ni vile visivyo ndani ya Documents. Barua pepe zilizopokelewa kwa POP zipo kwenye faili la PST la mashine hiyo peke yake, na pengine kwenye seva hazipo tena. Manenosiri yaliyohifadhiwa ndani ya Chrome. Violezo vya ankara. Folda ya Tally iliyowekwa moja kwa moja kwenye C. Hati za kidijitali za kuingilia mifumo ya benki.

Kabla ya kupandisha, andika `slmgr /xpr`. Ikisema imewashwa daima, Windows 10 halali inapanda bure kwenda 11. Ikitoa tarehe ya kuisha kwenye duka lisilo na mkataba wa leseni za jumla, basi iliwashwa kwa ujanja na muuzaji, na gharama ya leseni iingie kwenye bajeti leo. Programu za kuwashia Windows kwa ujanja mara nyingi zinahitaji kuzima kinga ya virusi ili zifanye kazi, na hiyo peke yake inatosha kuziondoa kwenye mashine inayoingia benki.

## Jumamosi mchana

Ritani ya VAT inakwenda tarehe 20, Tanzania na Kenya vilevile. Mwisho na mwanzo wa mwezi ni ankara na mishahara. Inabaki nafasi baada ya tarehe 20 hadi kama 26. Chagua Jumamosi iliyo ndani yake, baada ya duka kufungwa, Jumapili iwe akiba.

Anza na mashine moja ya majaribio, na isiwe ya mwenye duka. Iwe ya mtu anayegusa programu zote, mhasibu msaidizi kwa mfano. Afanye nayo mzunguko mzima wa mwezi: ankara, risiti, stoo, mishahara, ripoti ya VAT. Mzunguko ukifungika ndipo nyingine zifuate, mbili au tatu kwa wikiendi. Kaunta mwisho, na kama ziko mbili, zisipandishwe siku moja.

Faili la ISO, lenye Windows 11 nzima, ni zaidi ya gigabaiti 5. Lipakue mara moja, liweke kwenye flashi, endesha `setup.exe` ukiwa ndani ya Windows 10 ili mafaili na programu zibaki. Mwanzoni kuna chaguo la kubadilisha jinsi masasisho yanavyopakuliwa. Chagua yasipakuliwe kwa sasa, la sivyo kila mashine itakula bando lake. Baadaye washa Delivery Optimization ili mashine zigawane masasisho ndani ya ofisi.

Umeme. Laptopu iwe na betri inayoshika, ya mezani iwe kwenye UPS iliyojaribiwa kwa kuchomoa plagi. Windows ikikatikiwa katikati kwa kawaida hurudi nyuma yenyewe. BIOS ikikatikiwa katikati ya kusasishwa, ubao unaweza kufa moja kwa moja, kwa hiyo usiisasishe siku ya mgao.

Mashine ikishawaka, jambo la kwanza ni hili:

`dism /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60`

Windows inakupa siku 10 za kurudi kwenye mfumo wa zamani. Siku 10 hazifiki mwisho wa mwezi, na kasoro za hesabu huonekana mwisho wa mwezi. Amri hiyo inazifanya 60, mradi iandikwe kabla zile 10 hazijaisha na folda ya Windows.old isifutwe na mtu anayetafuta nafasi.

Kwa mashine zinazowekwa upya kabisa kuna hatari kubwa zaidi. Toleo la 24H2 linaweza kufunga diski kwa usimbaji lenyewe pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa kufungulia unakwenda kwenye akaunti hiyo. Keshia akiingia kwa barua pepe yake binafsi, ufunguo wa diski ya kampuni ni wake. Akiondoka, na BIOS ikabadilika, mashine inadai tarakimu 48 ambazo ofisi haina. Tumia akaunti ya kampuni, kisha `manage-bde -protectors -get C:`, chapa ufunguo, uweke kwenye kasiki pamoja na hati za gari.

Jumatatu asubuhi fundi awe ofisini kabla ya duka kufunguliwa. Printa ya kawaida itakuwa imebadilika, kwa sababu Windows huchagua yenyewe iliyotumika mwisho; zima chaguo hilo. Na OneDrive itakuwa imejitolea kuhifadhi Desktop: mafaili yanahamishiwa folda nyingine, gigabaiti 5 za bure zinajaa, bando linaisha, na programu inayotafuta faili mahali pa zamani haioni kitu. Zima uhifadhi wa folda kwenye mipangilio ya OneDrive, hakikisha mafaili yamerudi, ndipo keshia aketi.

## Tarehe zinazofuata, na diski za zamani

Windows 11 nayo ina vipindi. Toleo la 24H2 la Home na Pro linahudumiwa hadi 13 Oktoba 2026, la 25H2 hadi 12 Oktoba 2027. Vyeti vya Secure Boot vya 2011 vinaanza kuisha muda Juni 2026, na vipya huletwa na masasisho, sababu nyingine ya kutoyazuia. Andika `winver` kila robo mwaka, jaza toleo kwenye daftari, na pembeni yake jina la mtu mmoja mwenye wajibu na bajeti.

Mashine zilizotolewa zisiuzwe haraka. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa kwa miaka 5, na kama vitabu vya zamani vinafunguka kwenye programu ya zamani tu, bakiza mashine moja, haina mtandao, imeandikwa kwa kalamu ya rangi ni ya nini. Nyingine zifutwe kwa Reset this PC, chaguo la kuondoa kila kitu na kusafisha diski, lile linalochukua saa kadhaa badala ya dakika. Wateja wako wamo humo, majina yao, simu zao, madeni yao, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinakuhesabu wewe kuwa mlinzi wake. Diski isiyowaka haiwezi kufutwa kwa programu. Itobolewe kwa drili, na kama ni SSD, tundu lipite kwenye chipu zenyewe, kabla haijatoka ofisini.